Tusizike hadithi za walimu wetu wakongwe

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na desturi ya kuingia darasani kinyumenyume. Alisukuma mlango kwa kisigino, akapiga hatua nne hali ametupa mgongo, kisha akaamrisha kwa sauti ya gwaride: "Nyuma geuka!" Amri hiyo alijipa mwenyewe, na alipogeuka alitutazama kwa mshangao mkubwa, kana kwamba hakutarajia kukuta watoto arobaini humo ndani. Tulicheka kila siku. Huo ulikuwa mwaka wa 1972, katika shule moja ya msingi vilimani Machakos, nami nilikuwa darasa la tano.

Nimefundisha hadi kustaafu, na ningali naamini kwamba hesabu nizijuazo ziliniingia kwa mlango wa kicheko hicho. Sehemu alitufunza kwa biskuti za jeshi: askari watatu, biskuti mbili ngumu kama matofali, kila mmoja atapata nini? Aliyekosa jibu hakuchapwa. Alivishwa kofia kuukuu ya mwalimu na kuteuliwa jenerali hadi kengele ilie, kwani, alisema, majenerali ndio wasiojua kuhesabu. Nyakati hizo kiboko kilikuwa mwalimu msaidizi katika kila darasa, kwa hivyo msomaji na apime mwenyewe ujasiri wa mtu huyo.

Sote tulikuwa makuruta wake. Tulijua kwamba alikuwa askari wa KAR na kwamba alipigana Burma. Lakini vita vyote, kwa masimulizi yake, vilikuwa ni matope na nyumbu mmoja mkaidi aliyekataa kuvuka mto. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za mwaka 1944, ikiwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin, na kwamba mwezi wa Desemba daraja la zaidi ya futi 1,000 lilitandazwa juu ya mto huo pale Kalewa. Nyumbu hakutajwa.

Siku moja tu kila mwaka mwalimu hakuingia kinyumenyume. Alituandikia kazi ubaoni, akaketi dirishani, akanyamaza hadi jioni. Sisi tulidhani ni malaria. Mkewe ndiye aliyenieleza, baada ya mazishi mwaka 1994, kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 12 Februari. Tarehe hiyo mwaka 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili. Watu karibu 1,300 waliangamia, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Vijana wawili wa kijiji chetu walikuwamo.

Mwaka 1978, nikiwa kidato cha nne, niliandika insha juu ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Nilimtaja Hitler, nikamtaja Rommel, nikamtaja Montgomery hadi wino ukakauka. Nilipata alama 17 kati ya 20, nikaipeleka kwa mzee kwa mbwembwe. Aliisoma yote, taratibu, akavua miwani. "Kuruta," akaniuliza huku akicheka, "mimi niko ukurasa gani?"

Simlaumu aliyenifundisha historia. Vitabu huwataja askari hao, aghalabu kwa sentensi mbili tatu: walirejea wakiwa na fikra mpya, wakachochea harakati za uhuru. Ni kweli. Lakini mwanafunzi hapati kujua kwamba malipo yao yalipimwa kwa rangi ya ngozi, wala kwamba mmoja wao huenda ndiye aliyemfundisha babu yake kugawanya.

Wakati umetuponyoka. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 siku ile meli ilipozama alizaliwa mwaka 1925 au 1926. Hata hivyo wajane wapo, watoto wapo, na masanduku yenye nishani na vyeti vya kuachishwa jeshi yangali chini ya vitanda, yakiliwa na mchwa. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watoke wakatafute maarifa katika jamii. Basi walimu wenzangu, watumeni huko kwanza, na daftari na penseli. Na mabasi ya shule yajayo Nairobi kuwaona simba yapite pia kwenye Makaburi ya Vita, Barabara ya Ngong. Hapo pana ukumbusho wenye majina ya askari wasio na kaburi, na miongoni mwao wamo wale waliozama.

Insha ile ninayo hata leo. Chini ya alama zangu 17, kwa mwandiko wake ulionyooka kama gwaride, mzee aliandika kwa penseli: "Haijaisha. Nyumbu je?"