Kashuga na meza inayofunguka

Chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, inayoshuka vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, na magunia ya makala haikupitia mashine. Ni mti wa mkaratusi, panga, patasi, nyundo na vipande vya tairi kuukuu vya kuvisha magurudumu. Inabeba mamia ya kilo, na Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Ila mkaratusi huohuo ukigeuzwa meza ukiwa mbichi, mambo huharibika. Mbao hunywea zikikauka, hujikunja, msumari hulegea, na mguu huanza kucheza. Mtu hupiga msumari wa pili palepale, mbao inapasuka.

Mafundi wa Japani wana jibu ambalo Kashuga, huko Masisi, inalihitaji. Kwanza hukausha mbao. Kisha huchonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, ulimi ukatokea upande wa pili, ukapigiwa kabari. Uzito wote unabebwa na kiungo chenyewe. Si kweli kwamba hawatumii misumari kabisa; hekalu la Hōryū-ji karibu na Nara, lililosimama zaidi ya miaka 1,300, lina misumari ya chuma iliyofuliwa kwa mkono. Lakini kuanzia 1934 majengo yake makuu yaliweza kufunguliwa kipande kwa kipande: palipooza pakatolewa, mbao nzima zikarudishwa mahali pake.

Kufunguka huko ndiko kwenye faida kubwa kwa Kashuga, ambako watu wengi wamewahi kukimbia vita, wengine zaidi ya mara moja. Meza ya kabari ikigongwa mara mbili inakuwa mbao tano za kufunga kwenye chukudu. Ya misumari huachwa nyuma, au huishia jikoni kama kuni.

Msumeno wa Kijapani nao hukata ukivutwa, si ukisukumwa. Kwa kuwa haupindi, bamba lake linaweza kuwa jembamba, hivyo hula mbao kidogo na kuchosha mkono kidogo. Hauhitaji umeme.

Wanaofadhili mafunzo ya useremala kwa vijana wa Masisi na Walikale jirani waanzie hapo. Badala ya jenereta itakayokwama siku mafuta yakikosekana, wanunue patasi nzuri na mawe ya kunolea, na wamwite mchongaji chukudu awe mwalimu, maana mkono wake tayari unaujua mkaratusi. Wiki ya kwanza iwe ya kunoa tu, hadi patasi inyoe vinyweleo vya mkono.