Ordinatere ya kwanza: tuanze na umeme na hewa, apana na taa



Mara mingi kijana ananionyesha kwenye telefone picha ya ordinatere anayotaka kujijengea: kioo pembeni, taa za rangi zote, maji ya kupozesha yanazunguka ndani. Ananiuliza: "Kaka, iko muzuri?" Mimi ninamuuliza maswali mbili paka: umeme wa kwenu uko namna gani, na chumba utaiweka iko na madirisha ngapi? Anacheka. Mimi pia nilicheka, mbele ya kulipia.

Nilimaliza université miaka mbili iliyopita. Diplome iko kwenye kabati, kazi hakuna. Hapa Katuba, Lubumbashi, tulijiunga watu tano tukafanya likelemba, juu tujenge ordinatere moja ya kazi: kuandika TFC za wanafunzi, kufanya montaje ya video za ndoa, kutengeneza mialiko. Tulichagua prosesere ya nguvu na buatie ya kioo yenye taa. Feza ikabakia kidogo, njo tukachukua alimantasyo ya bei ya chini kuliko zote. Ilikuwa nyepesi sawa boksi ya biskuti. Ilikamata siku kumi na moja. Umeme ukaondoka, ukarudi na nguvu, tukasikia mulio kidogo, kiisha harufu ya kuungua. Karte mere nayo ikakufa. Mwenzetu mumoja alikuwa ameweka ndani feza ya mama yake ya kuuzisha unga sokoni. Mpaka leo sijapata maneno ya kumwambia ule mama.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: hapa kwetu, kijana anayejenga ordinatere ya kwanza aanzie mwisho wa liste. Alimantasyo kwanza, hewa ya pili, nguvu ya tatu, taa kama kuko feza imebakia.

Alimantasyo njo chombo kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vingine vyote. Ikikufa vibaya, inakufa pamoja na wengine. Ukiwa dukani, soma etikete. Tafuta ile inayoandikwa 100-240V, juu hiyo inavumilia umeme ukishuka mangaribi wakati kila nyumba inapika. Kama iko na kabuto kekundu ka 115 na 230, hakikisha kako kwa 230 mbele ya kuchomeka. Tafuta alama ya 80 Plus. Ipime kwa mukono pia: nyepesi sana, uiogope. Wati 450 ao 500 za kweli zinatosha kwa mashine isiyokuwa na karte grafike kubwa. Mbele yake weka stabilizatere. Na umeme ukiondoka, chomoa. Ukirudi, ngojea dakika tano.

Prosesere, tusichague kwa sifa. Tuangalie wati. Mashine yetu ya pili tuliijenga na Ryzen 5 5600G: mioyo sita, wati 65, na grafike iko ndani yake, kwa hiyo hatukununua karte nyingine. Wati kidogo maana yake joto kidogo. Lakini uliza muuzaji kama BIOS ya karte mere inaijua ile prosesere, juu karte zingine za zamani zinakataa kuwaka nayo mpaka BIOS ibadilishwe. Na RAM, chukua barete mbili za giga 8, apana moja ya giga 16: grafike ya ndani inakopa RAM, na njia mbili zinapitisha haraka kuliko moja.

Sasa hewa. Hapa njo wengi tunadanganyika na video za Ulaya. Ventilatere haileti baridi, inaondosha joto paka. Haiwezi kushusha prosesere chini ya hewa ya chumba. Mutu wa chumba cha digri 20 anaonyesha prosesere yake kwa digri 65, wewe unafurahi. Mashine ile ile, mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, ndani ya chumba cha digri 33 chini ya manjanja, itapanda karibu na 78. Ile 5600G ikifika 95 inajipunguza mwendo yenyewe, na wewe unazani ni virusi.

Maji ya kupozesha, kwa ordinatere ya kwanza, mimi nasema apana. Pompe ikikufa, utapata ingine wapi wiki hiyo hiyo? Radiatere ya hewa ikiharibika, ni ventilatere tu, unabadilisha. Ile ndogo inayokuja ndani ya boksi ya 5600G inatosha kama buatie inapumua. Ukiwa na feza kidogo zaidi, chukua yenye bomba ine za shaba, lakini pima urefu wake kwanza, isikatae kufunga kwa buatie. Pate ya kijivu, weka kadogo sawa punje ya mbaazi, na usisahau kutosha plastiki chini ya radiatere. Tulisahau mara moja.

Buatie iwe na uso wa wavu, apana kioo mbele. Ventilatere mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatosha. Hewa ikiingia mingi kuliko inayotoka, mavumbi hayapitie kwenye kila tundu, yanabakia kwenye filtre, na filtre tunaosha. Tangu mwezi wa tano mavumbi mekundu yanaingia mpaka ndani ya sahani, kwa hiyo usiweke mashine chini. Kila mwezi zima, chomoa, fungua, pangusa na burushi, ukishika ventilatere na kidole isizunguke.

Wengine watasema: nunua tu laptop ya okazyo, iko na batri. Ni kweli. Kama kwenu umeme unakuja saa mbili kwa siku, nunua laptop, usisikilize mimi. Lakini kwa likelemba, ordinatere ya kujijengea iko na faida moja: kila chombo kinabadilika peke yake. Moja ikikufa, hatuanze tena kwa zero.

Ninajua pia kwamba stabilizatere ni gharama ambayo haingekuwa yetu. Shaba ya Katanga inapita Kasumbalesa kwa malori muchana na usiku, na hapa mutaa wetu unakaa gizani. Hilo tuendelee kulisema, bila woga. Lakini tukingojea umeme muzuri ndipo tujifunze, tutazeeka na diplome mukononi.

Mashine ya pili iko na miezi saba, haijaungua. Feza ya kwanza ya TFC hatukugawana: tulimupelekea ule mama. Bado hatujamaliza deni.

Wewe unayetaka kujenga, usinunue kitu mbele ya kuandika liste na kuionyesha kwa watu wawili waliokwisha kuunguza. Tuko wengi.