Karate ya Barabarani si Ruhusa ya Kupiga

Ndugu vijana,

Kuna neno nililolisikia midomoni mwenu mara nyingi mno baada ya mikutano yetu, nami siwezi kulinyamazia tena. Mnasema kwamba karate ya kweli ni ile ya barabarani. Nyingine, yenye kuinamiana na mifululizo ya miondoko iitwayo kata, ni ngoma ya watoto. Kisha mnamtaja Hideyuki Ashihara kuwa shahidi wenu. Shahidi huyo hayuko upande wenu.

Ashihara alizaliwa Japani mwaka 1944, akawa mwanafunzi wa Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa Kyokushin. Katika mashindano ya mtindo huo watu hupigana kwa nguvu zote, lakini ni marufuku kumpiga mwenzako ngumi usoni. Sheria hiyo huokoa meno, wala siilaumu. Lakini ina matokeo yake: wapiganaji huzoea kusimama kifua kwa kifua, wakigongana mbavu na mapaja, kana kwamba uso haupo. Barabarani, uso ndio hutafutwa kwanza. Mwaka 1980 Ashihara alianzisha mtindo wake mwenyewe, na kiini chake ni jambo liitwalo sabaki.

Mpinzani anakuja na ngumi. Usirudi nyuma moja kwa moja, maana atakufuata. Wala usisimame kushindana naye nguvu. Toka katika mstari wa pigo, uhamie ubavuni mwake au nyuma ya bega lake, mahali ambapo mkono wake haukufikii na wako unamfikia. Ukiwa hapo unaweza kumvuta, kumwangusha, au kumpiga. Hiyo ndiyo sabaki. Naye Ashihara hakuzitupa kata: alitunga zake, ili mwanafunzi ajifunze kwazo hatua hizo za mapambano. Basi anayedharau kata kwa jina la Ashihara hakumsoma Ashihara.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mkisema «barabarani», sikio langu la mwalimu linasikia «pasipo sheria». Lakini kujikinga kuna kipimo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2264, inakubali kwamba mtu atetee uhai wake, na papo hapo inakataa nguvu inayopita mahitaji. Gichin Funakoshi, aliyeonyesha karate mjini Tokyo mwaka 1922, naye alishikilia kwamba mwanakarate haanzi yeye kupiga. Sasa fikirini tena juu ya sabaki. Ukiisha kusimama nyuma ya bega la mtu, amekuwa mikononi mwako. Waweza kumsukuma ukaenda zako. Waweza pia kumvunja goti. Hapo hakuna mwamuzi wala filimbi. Nani aliyewafundisha kuamua mahali hapo? Kama mwalimu wenu amewafundisha teke tu, amewafundisha nusu, tena nusu iliyo rahisi.

Mtaniambia: «Mwalimu, wewe hujakutana na wezi usiku.» Nimekutana nao. Walikuwa watatu, mmoja ana kisu. Nilitoa simu, nikafika nyumbani, nikala chakula kilichokwisha kupoa. Kuna aliyenicheka. Mimi namwogopa zaidi mwalimu anayeahidi kwamba kwa miezi mitatu kijana ataweza kumnyang'anya mtu kisu. Huyo anauza kaburi, na ada anaipokea mapema.

Sisemi msijifunze. Msichana anayerudi kutoka sokoni jioni, kijana mwembamba anayeonewa shuleni: hao wana haki ya kujua kutoka katika mstari wa pigo, na ningefurahi kuwaona wakijua. Magoti yangu hayaniruhusu kuwaonyesha. Lakini atakayekuja tena kuniambia habari za karate ya barabarani, anionyeshe kwanza hatua ile moja ya kuhama, mara mia, bila kupiga. Ukumbi uko wazi Jumamosi, kwaya ikiisha.