Ndege Ndogo, Bima Kubwa

Wilaya ya Kasese ni nzuri kwa macho ya mgeni, lakini ni ngumu kwa rubani. Mji umelala bondeni, karibu na mstari wa Ikweta, na ubavuni mwake milima ya Rwenzori imepanda hadi mita 5,109. Joto la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi, na hewa nyepesi huibeba ndege kwa shida. Mawingu nayo huteremka mlimani bila kubisha hodi. Hata hivyo ndege ndogo hutua katika kiwanja cha Kasese na kile cha Mweya, zikiwaleta watalii wa Mbuga ya Queen Elizabeth.

Katika miaka ya karibuni wenye ndege ndogo wa nchi nyingi wamekuwa na kilio kimoja: bima imepanda. Mke wa askari anayehesabu shilingi za unga na karo huenda akasema kuwa hicho ni kilio cha matajiri, wala hakimhusu. Yafaa ieleweke kwamba kinamhusu. Bima ya ndege haimlindi mwenye ndege peke yake. Humlinda pia abiria, na humlinda mtu aliyeketi nyumbani kwake asiyejua kuwa kuna ndege inayopita juu ya paa lake.

Bima si jambo geni kwa watu wa magharibi mwa Uganda. Vyama vya machela na vya kuzikana hufanya kazi hiyo hiyo: wengi huchanga kidogo kidogo, na siku msiba unapobisha kwa mmoja, mfuko wa wote humsitiri. Tofauti ni kwamba mfuko wa ndege una wachangaji wachache na misiba mikubwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wenye ndege 50, kila mmoja na ndege ya thamani ya dola 100,000, wanachanga dola 4,000 kwa mwaka. Mfuko unakuwa na dola 200,000. Ndege mbili zikiharibika kabisa, mfuko umekauka, kabla ya kumlipa hata majeruhi mmoja. Ikianguka ya tatu, pengo ni dola 100,000, yaani dola 2,000 kwa kila mchangaji. Mwaka unaofuata kila mmoja ataombwa 6,000, hata yule ambaye tangu apate leseni hajakwaruza tairi. Uzembe wa mmoja umekuwa deni la wote.

Isitoshe, kampuni za bima nazo hujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, nyingi zikiwa London na miji mingine ya ng'ambo. Kwa sababu hiyo msiba wa mbali hufika karibu. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege kubwa aina ya Boeing 737 MAX ilianguka Indonesia. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ya aina hiyo hiyo ilianguka Ethiopia ikielekea Nairobi. Waliokufa katika ajali hizo mbili walikuwa 346. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mamia ya ndege za kukodi zilikwama Urusi na wenyewe wakadai fidia. Fedha za kubeba hasara kubwa na ndogo hutoka katika mifuko inayokaribiana, hivyo mwenye ndege ya viti vinne naye hujikuta akiulizwa zaidi.

Lakini si sababu zote zilizo mbali. Kampuni ya bima humpima rubani kama mwalimu ampimavyo mwanafunzi: amerusha ndege kwa saa ngapi, amefanya mazoezi lini mara ya mwisho, hutua katika viwanja vya namna gani. Nyingi za ajali za ndege ndogo zina asili inayojulikana: mzigo uliozidi, mafuta yasiyotosha, rubani aliyeingia mawinguni bila ujuzi wa kuongozwa na vipimo, ng'ombe katika njia ya kutulia. Uganda ina kumbukumbu mashuhuri ya jambo hili. Tarehe 23 Januari 1954 ndege ndogo iliyomchukua mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway iligusa waya mkuukuu wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Siku ya pili ndege nyingine iliyokuja kumwokoa ilishika moto ikijaribu kuruka Butiaba. Alitoka hai, ingawa kwa majeraha makubwa, na magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake.

Hatari kubwa huanza pale bei inapomshinda mwenye ndege. Wako watakaoacha kuruka, na hilo si baya. Wako watakaopunguza bima hadi kiwango cha jina tu, au kuruka bila bima kabisa. Siku hiyo hasara huhama kutoka mfuko wa wengi na kumwangukia mjane mmoja.

Watu wa Bwera wanalielewa jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa wana jamaa na biashara ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Barabara za mashariki mwa Kongo zilipokumbwa na mashambulizi, waliomudu nauli walikimbilia ndege. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliruka Goma kuelekea Beni, ikaanguka papo hapo juu ya makazi ya watu. Waliokufa walizidi 20, na miongoni mwao walikuwamo watu wa mtaa ule, ambao hawakukata tiketi yoyote.

Kwa jamaa za askari kuna jambo jingine la kujua. Ndege ya jeshi au ya polisi ni ndege ya dola, na haiongozwi na sheria za ndege za raia. Helikopta 3 za jeshi la Uganda zilipoanguka Mlima Kenya tarehe 12 Agosti 2012, zikiwa njiani kwenda Somalia, haki za familia hazikuwa za kutafutwa katika tiketi. Stahili za askari afaye kazini hutoka serikalini, na huwafikia wale ambao majina yao yameandikwa vizuri katika jalada lake.

Basi nyumba yenye busara ifanye nini? Kwanza, asafiriye kwa ndege ndogo akate tiketi yenye jina lake, na nakala ibaki nyumbani. Mikataba mingi ya bima ya maisha humlipia abiria aliyelipa nauli katika ndege yenye leseni, wala haimlipii aliyepanda kwa lifti juu ya magunia. Pili, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na majina ya warithi viwekwe pamoja na kusahihishwa kila nyumba inapobadilika. Tatu, madai yasicheleweshwe. Katika safari za kimataifa zinazofuata Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, haki ya kufungua kesi hufa baada ya miaka 2.

Nne, ajali ikitokea, mabaki ya ndege yalindwe. Mara nyingi polisi ndio hufika mwanzo. Kipande cha bati kinachochukuliwa kwenda kuuzwa kama chuma chakavu chaweza kuwa ndicho kilichobeba sababu ya ajali. Kikipotea, uchunguzi hukwama, na malipo ya yatima huenda yakakwama pamoja nao. Tano, watoto na mifugo wasiachwe kuvuka njia ya ndege ati kwa kuwa leo hakuna ndege inayotarajiwa.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Walisema pia kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Rubani anayekataa kuruka wingu likiwa limeziba mlima, mchungaji anayewaondoa mbuzi wake kiwanjani, na konstebo anayelinda mabaki hadi wachunguzi wafike, kila mmoja wao ameweka kinga yake.