Kuiga Hila za Virusi Bila Kuvikaribisha

Neno "kirusi" likitajwa mbele ya mgonjwa, hofu hutangulia maelezo. Kwa hiyo dawa za RNA zinazobebwa na chembe ndogo mno za mafuta, zilizoundwa kwa kuiga virusi, zinahitaji watoa huduma wenye lugha makini kabla hazijaenea wodini. Chembe hizo hazina kirusi, wala RNA iliyomo haibadilishi jeni za mgonjwa. Kinachokatwa ni RNA mjumbe, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini fulani. Jeni hubaki ilivyo. Dawa ikiisha nguvu, protini hurudi.

Andrew Fire na Craig Mello walieleza unyamazishaji huo mwaka 1998, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Hata hivyo dawa ya kwanza ya aina hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, kwa ajili ya amiloidosisi ya kurithi inayoharibu neva. Miaka 20 ilipotelea wapi? Sehemu kubwa njiani. RNA tupu huraruliwa na vimeng'enya vya damu. Ikifungwa ndani ya chembe ya mafuta husafiri salama, lakini seli ikishaimeza hujikuta katika kifuko chenye asidi, na nyingi huishia humo. Utafiti wa maabara umekadiria kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ndiyo hutoroka.

Hapo ndipo kirusi cha mafua kinapostahili kuchunguzwa. Kikiwa ndani ya kifuko, hungoja asidi iongezeke. Protini yake ya juu hubadili umbo, utando wake huungana na ule wa kifuko, na mzigo humwagika ndani ya seli. Lipidi za patisiran zina hila iliyo jamaa na hiyo: katika damu karibu hazina chaji, lakini penye asidi hupata chaji chanya na kuuvuruga utando. Wako watafiti wanaotaka kwenda mbali zaidi, wapachike juu ya chembe vipande vya protini za virusi vyenyewe. Tamaa hiyo ipimwe. Kinga ya mwili hukumbuka protini ngeni, na ugonjwa wa kurithi hauponi kwa dozi moja. Patisiran hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki 3, na tayari hutanguliwa na kotikosteroidi na dawa za mzio. Kuiga mwenendo wa kirusi kwa kemia ni busara zaidi kuliko kuazima viungo vyake.

Tena, chembe hizi hupenda ini. Katika damu huvikwa apolipoprotini E, ambayo seli za ini huipokea kwa urahisi. Mgonjwa wa mapafu au ubongo aliyesikia habari njema anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Patisiran ilipoingia sokoni, bei yake iliyotangazwa ilikuwa takriban dola 450,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Jokofu la nyuzi 2 hadi 8 linalotosha kuihifadhi limekwishakuwapo katika zahanati nyingi, likitunza chanjo za watoto.