'Kuita' au 'Kuagiza'? Istilahi ya Fanksheni za Mbali

Mwaka 1981 Bruce Jay Nelson aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, tasnifu ya udaktari kuhusu namna programu iliyo katika kompyuta moja inavyoweza kuitumia fanksheni iliyo katika kompyuta nyingine kana kwamba ni yake. Tafsiri inayojitokeza upesi katika Kiswahili ni 'kuita fanksheni kwa mbali'. Istilahi hii ina kasoro ya kisemantiki.

Katika Kiswahili, aitwaye hutarajiwa kuja. Mtoto akiitwa na mamaye huacha mchezo, huitika, humwendea. Fanksheni ya mbali haiji. Hubaki ilipo, hupelekewa data, hutenda, na kirudicho ni jibu tu. Tena yamkini jibu lisirudi, na hapo programu iliyosubiri haiwezi kujua kama ombi lilipotea njiani, kama kazi ilitendwa ila jibu ndilo lililopotea, au kama kompyuta ya pili imezimika. Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems walionya kwamba kuificha tofauti ya karibu na mbali ni kosa la usanifu. Hakuna sababu ya kulirithi kosa hilo katika msamiati. Mwanafunzi aliyezoeshwa 'kuita' ataandika programu isiyojiandaa kwa ukimya.

Kitenzi 'kuagiza' kinafaa zaidi. Mfanyabiashara wa Kariakoo aagizaye bidhaa Dubai anajua kwamba mzigo waweza kuchelewa au kupotea. Na kwamba akirudia agizo kwa pupa, huenda akaletewa mizigo miwili na kulipa mara mbili. Mwandishi wa programu za malipo anahitaji hofu hiyohiyo.

Faida kubwa zaidi huonekana katika mitandao ya wenza, isiyotegemea seva moja ya kati. Katika Kademlia, iliyoelezwa na Petar Maymounkov na David Mazières mwaka 2002, kila kompyuta huagiza na huagizwa. Maagizo ni manne: kupima kama mwenza yu hewani, kumpa thamani aihifadhi, kumtaka ataje wenza walio karibu na kitambulisho fulani, na kumtaka thamani yenyewe. Mofimu -an- hulibeba jambo hili lote katika neno moja: 'kuagizana'.

Huenda ikadaiwa kwamba kauli ya kutendana hudai A amwagize B na B amwagize A, ilhali katika Kademlia B humwelekeza A kwa C. Dai hili halina uzito. Wanakijiji husemwa wanasaidiana kulima hata kama si kila mmoja aliyelima shamba la kila mwenzake.

Udhaifu wa kweli uko kwingine: 'maagizo' hunuka amri ya mkubwa kwa mdogo, na wenza hawana mkubwa. Kamati za istilahi zaweza kulipima hilo. Ama 'kuitana', hilo wenye lugha wamekwisha kulipa kazi, kwani watu huitana majina.