Gari la umeme la kushirikiana halihitaji ramani ya kupendeza

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi imenibana. Leo siandiki kuhusu Linux wala PHP. Naandika kuhusu magari, na mkiona nina hasira kidogo mtanisamehe.

Mwezi uliopita nilikuwa na fomu ya mkopo mezani, imebaki sahihi yangu tu. Miaka minne ya kulipa, kwa ajili ya kigari kilichotumika. Naishi Syokimau na kazini naenda kwa treni (kituo chetu kilifunguliwa Novemba 2012, na tangu nihamie huku sina haja ya kupigana na msongamano wa Mombasa Road). Sasa gari ningelitumia lini? Jumamosi sokoni, Jumapili kanisani, mara moja moja kwenda Tala kumwona mama. Nikapiga hesabu: saa kumi kwa wiki, tena nikijipendelea. Wiki ina saa 168. Ningelipa riba na bima ili chuma kilale saa 158.

Jumatano moja nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, nikachungulia dirishani saa nne asubuhi. Mtaa wetu una lango moja na nyumba 24. Magari 17 yalikuwa yamelala pale, mengine yana vumbi la wiki nzima. Kila moja lina mkopo wake, nina hakika.

Nikamwambia rafiki yangu, mwanaprogramu kama mimi, kwamba majirani tununue magari matatu ya umeme na kuyatumia kwa zamu. Akalipenda wazo. Siku mbili baadaye akaniletea michoro ya programu ya simu: ramani ya Nairobi nzima, vigari vya kijani vimetapakaa, unachukua Ruaka unaacha Rongai. Hapo ndipo tulipogombana.

Sisi wanaprogramu tuna ugonjwa wa kudhani kila shida inaishia kwenye skrini. Wazo la vigari vilivyotapakaa si geni. San Diego kule Marekani, car2go ilianza mwaka 2011 na magari madogo 300 ya umeme ambayo ungeacha popote ndani ya eneo lao. Vituo vya kuchaji havikutosha. Mwaka 2016 wakaweka ya petroli badala yake, na mwaka huo huo ulipoisha wakafunga. Paris walikuwa na Autolib' tangu 2011, magari yanayokaribia 4,000, chaja kila stesheni, unachukua stesheni hii unaacha ile. Madeni yakapanda, na mwaka 2018 mkataba ukavunjwa huku mji na kampuni wakizozania nani alipe hasara. Watu walilalamika kila siku kuhusu uchafu ndani ya magari. Mimi sishangai. Aliyemwaga kahawa kitini hatakutana kamwe na atakayekalia.

Basi kuna wanaosema, umeona, wazo limekufa. Hapana bwana. Kilichokufa ni gari lisilo na kwao. Waswisi walianza mwaka 1987 na vyama viwili vidogo vya ushirika, vikaungana mwaka 1997 kuwa Mobility, na leo wana magari takriban 3,000, mengine yakiwa ya umeme. Kwa kawaida gari lao unalirudisha pale pale ulipolichukua. Hakuna mwekezaji atakayesisimka kwa hilo, lakini kwa gari la umeme ndio siri yote. Likirudi kwake, linarudi kwenye soketi yake. Chaja ya kawaida ya kilowati 3, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inatia yuniti 24. Hizo ni zaidi ya kilomita 130. Nani hapa Syokimau anaendesha kilomita 130 kila siku?

Na huku pembeni mwa jiji safari zetu ni za kutoka na kurudi. Acha gari la ramani Kitengela Jumatatu usiku uone litakaa siku ngapi kabla hajatokea wa kulichukua. Lazima umlipe mtu aende akalilete.

Kuhusu stima: bei maalumu ya kuchaji magari iliyotangazwa mwaka 2023 ilikuwa shilingi 8 kwa yuniti saa zisizo na shughuli, kabla ya kodi. Nissan Leaf hutumia kama yuniti 15 kwa kilomita 100. Hiyo ni shilingi 120. Chukua risiti yako ya mwisho ya petroli ulinganishe mwenyewe, mimi sitaki kukuharibia siku.

Vikwazo vipo, na hakuna hata kimoja cha programu. Wakala wa bima aliniambia wazi kwamba bima ya gari la binafsi haitalipa likianza kukodishwa, tutafute ya aina nyingine. Desemba nayo, kila nyumba itataka gari tarehe 23 kwenda ushago. Magari matatu hayatatosha, na wengine tutapanda matatu kama zamani. Lakini kuchangishana fedha na kuwekana sawa tunajua. Nchi hii hata matatu zimo kwenye SACCO, sembuse majirani wanaojuana kwa majina? Kompyuta inayohitajika ni kalenda. Niliiandika usiku mmoja. Na ikianguka, mlinzi ana daftari langoni.

Nyumba saba zimekubali. Bila kumi na mbili hesabu haitoki. Tena mwenyekiti wa mtaa hataki mita ya pili ukutani, anasema itaharibu sura ya lango. Nina kikao naye kesho jioni. Fomu ya mkopo sijaichana, iko kwenye droo.